Mfanyakazi Mgonjwa na Mfuko wa Mwajiri Mdogo



Kila tunapoadhimisha Misa Takatifu, kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, tunakiri kwamba hatustahili kumpokea, na tunaomba neno lake lituponye. Ungamo hilo tumelipokea kutoka kwa akida wa Kafarnaumu. Tunapomtafakari mtu huyo, mara nyingi tunaisifu imani yake na unyenyekevu wake, kisha tunasahau sababu iliyomfanya atume watu kwa Yesu. Mwinjili Luka anaieleza katika sura ya saba. Akida hakuomba kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, wala kwa ajili ya mtoto wake. Alikuwa na mtumishi mgonjwa, aliyekaribia kufa, na mtumishi huyo alikuwa na thamani machoni pake. Kwa lugha ya leo tunaweza kusema kwamba sala ile ni sala ya mwajiri kwa ajili ya mfanyakazi wake.

Tunaandika tafakari hii kwa sababu wengi wetu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kandokando ya ziwa hadi Makobola, tu waajiri bila kujiita hivyo. Mama mwenye mgahawa anayesaidiwa na wasichana watatu ni mwajiri. Seremala mwenye vijana wanne, mwenye mtumbwi na wavuvi wake wa ndakala, mwenye duka la dawa, mwanzilishi wa shule ndogo, mwenye pikipiki anayempa kijana aiendeshe, na hata familia yenye mtumishi wa nyumbani, wote ni waajiri. Na wote hukutana na swali lile lile: mfanyakazi anapougua, nani atalipa?

Swali hilo si dogo. Biashara ya watu watano inaweza kuyumba kwa sababu ya upasuaji mmoja. Kwa hiyo hatumlaumu mwajiri anayetafuta njia ya kupunguza gharama za matibabu. Kutumia mali kwa busara ni fadhila. Lakini tunasema jambo moja, na tunalisema kwa uthabiti: kupunguza gharama ni tendo moja, na kumsukumia mwingine gharama hiyo ni tendo lingine. Mengi yanayoitwa uangalifu wa fedha katika mji wetu ni hilo la pili.

Tuanze na sheria. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwekea mwajiri wajibu wa kumpatia mfanyakazi na familia yake matibabu, dawa na gharama za kulazwa hospitalini wakati wa ugonjwa, ajali, mimba au kujifungua. Sheria haisemi kwamba wajibu huo ni wa makampuni makubwa peke yake. Hata hivyo, anayeisoma anatambua kwamba ina harufu ya zama nyingine, zama za kampuni kama Gécamines, iliyokuwa na hospitali zake, waganga wake na shule zake. Mwoka mikate wa Mulongwe hana hospitali. Ana tanuru, magunia ya unga, na deni la magunia hayo.

Ni haki pia tukiri mzigo wa mwajiri mdogo. Wengi walipoteza mali katika mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Wengine waliona maji ya ziwa yakipanda hadi mlangoni mwa duka. Vita vimefunga barabara mara nyingi, na mpaka wa Burundi ukifungwa, soko letu hupungukiwa siku hiyo hiyo. Ushuru ni mwingi, na wanaoudai ni wengi. Anayemhubiria mwajiri huyo haki bila kuujua mzigo wake, anahubiri hewani.

Lakini kwa sababu mzigo ni mzito, tuangalie kwa makini ni nani tunayemtwisha. Njia tatu za kukwepa gharama zimezoeleka kwetu. Ya kwanza ni kumfanya mfanyakazi awe kibarua wa daima. Anafanya kazi miaka mitatu, sita, kumi, lakini kila asubuhi anahesabiwa kama aliyefika leo, ili asiwe na mkataba wala madai. Ya pili ni avansi: anapougua, mwajiri anamkopesha fedha za hospitali, kisha anazikata katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Jirani humsifu mwajiri huyo kwa ukarimu wake, lakini ukweli ni kwamba mgonjwa amejilipia mwenyewe, na watoto wake wamelipa kwa kula mara moja kwa siku. Ya tatu ni kumwambia apumzike nyumbani hadi apone, na anaporudi anakuta mwingine amesimama mahali pake.

Katika njia zote tatu, gharama haikupungua hata faranga moja. Imehama tu kutoka kwenye daftari la duka na kuingia katika nyumba ya maskini, na huko inaongezeka, kwa maana mgonjwa asiye na fedha hukawia kwenda kutibiwa. Malaria iliyoweza kutibiwa kwa vidonge katika kituo cha afya huishia kwenye damu ya kuongezwa hospitalini. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo humfikia Bwana. Ujira si noti za mwisho wa mwezi tu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alifundisha kwamba pamoja na mshahara, mfanyakazi anapaswa kuyafikia matibabu kwa urahisi, na kwamba kwa kadiri inavyowezekana matibabu hayo yawe ya bei nafuu au hata bila malipo.

Je, gharama inaweza kupunguzwa kweli, bila kuihamisha? Tunaamini inaweza, na tunaona njia nne.

Njia ya kwanza ni kuuzuia ugonjwa kabla haujaja. Hapa Uvira kipindupindu si mgeni. Kinaondoka na kurudi miaka yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliofuata hali ya mji wetu kuanzia 2009 hadi 2014, ulilinganisha maji ya bomba yaliyotolewa kila siku na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu. Ulionyesha kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku kumi na mbili zilizofuata. Maana yake ni wazi kwa kila mwajiri: siku bomba linapokauka, wafanyakazi wako na watoto wao wanachota ziwani au mtoni, na hesabu ya hospitali imeanza kuandikwa. Pipa la maji yaliyotiwa dawa ya klorini mahali pa kazi, sabuni karibu na choo, na ruhusa ya kila mfanyakazi kubeba kidumu cha maji salama nyumbani kwake, ni vitu vya bei ndogo sana. Vivyo hivyo chandarua. Anayeona kwamba hayo si kazi yake, na alinganishe bei ya chupa ya klorini na siku tano bila mpishi wake.

Njia ya pili ni kufuata ngazi za matibabu. Mfumo wa afya wa nchi yetu umepangwa ili mgonjwa aanzie kituo cha afya cha mtaani mwake, kisha, ikihitajika, apewe barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa. Wengi huruka ngazi hiyo. Wengine huanzia kwa muuza dawa wa sokoni, wakanunua sindano na vidonge wasivyovihitaji, na ugonjwa ukabaki palepale. Mwajiri mdogo anaweza kukubaliana kwa maandishi na kituo kimoja cha afya kinachoaminika: wafanyakazi wangu na familia zao watakuja hapa, kwa bei hizi zinazojulikana, kwa dawa za msingi zilizo halali, nami nitalipa kila mwisho wa mwezi. Daftari moja linatosha. Mkataba kama huo humlinda mgonjwa asicheleweshwe, na humlinda mwajiri asishtukizwe.

Njia ya tatu ni ajali za kazini. Waajiri wengi hulipa ajali hizo peke yao, au huzikimbia, wakati nchi imeziwekea mfuko. Shirika la taifa la hifadhi ya jamii, CNSS, linalotawaliwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, linahusika na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, pamoja na pensheni na posho za familia. Sehemu ya ajali hizo katika michango ni asilimia 1.5 ya mshahara, nayo hulipwa na mwajiri. Seremala anayewaandikisha vijana wake analipa zaidi kila mwezi, hilo ni kweli. Lakini siku msumeno utakapokata kidole, hatabaki peke yake na jeraha la mwenzake. Lakini tusichanganye mambo: CNSS haimtibu mfanyakazi mwenye homa ya kawaida. Kwa homa hiyo tunahitaji njia ya nne.

Njia ya nne ni mituweli ya afya, yaani umoja wa watu wanaochanga kabla ya ugonjwa, ili atakayeugua alipiwe na mfuko wa wote. Jambo hili si geni katika Kanisa. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, alivitaja kwa sifa vyama vya kusaidiana vilivyowategemeza wafanyakazi wakati wa ugonjwa, na wajane na yatima wao baada ya kifo. Wala si geni katika nchi yetu. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi, hospitali ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1986, na taratibu zake zinafundisha hadi leo. Waliandikisha familia nzima, ili watu wasije wakamwandikisha mgonjwa peke yake na kuuua mfuko. Walipokea michango katika kipindi maalumu cha mwaka. Walidai mgonjwa apitie kwanza kituo cha afya. Na mgonjwa mwenyewe alibakiwa na sehemu ya kulipa, asilimia 20, ili hospitali isitumiwe ovyo. Karibu nasi, Jimbo Kuu la Bukavu, kupitia ofisi yake ya huduma za afya, BDOM, limezisindikiza mituweli kwa miaka mingi. Na tangu tarehe 8 Februari 2017 nchi ina sheria namba 17/002 inayozipa mituweli msingi wa kisheria.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi, kwa tarakimu za mfano tu, maana kila mituweli ina bei yake. Mwoka mikate ana wafanyakazi sita, na kila nyumba ina watu watano. Jumla ni watu 30. Tuseme mchango ni dola 6 kwa mtu kwa mwaka. Mwajiri atalipa dola 180 kwa mwaka, yaani 15 kwa mwezi. Tuseme tena kwamba kulazwa mara moja kunagharimu dola 150, na mituweli inalipa 120, wakati 30 zinabaki kwa mwajiri. Mwaka wa wagonjwa watatu, asiye na mituweli atalipa 450. Mwenye mituweli atalipa 180 na 90, yaani 270. Mwaka wa wagonjwa wawili, ni 300 dhidi ya 240. Lakini mwaka wa mgonjwa mmoja, asiye na mituweli atalipa 150, na mwenye mituweli atalipa 210.

Hatuifichi tarakimu hiyo ya mwisho. Mwaka mwema, mituweli hugharimu zaidi. Anayeahidi kwamba itapunguza malipo kila mwaka anadanganya, na wanachama watakapogundua, mfuko utavunjika. Faida yake iko mahali pengine. Dola 15 za kila mwezi zinajulikana. Mwoka mikate anaweza kuziingiza katika bei ya mkate kama anavyoingiza kuni na chumvi. Dola 150 zinazodaiwa Jumanne usiku haziwezi kuingizwa popote. Zinang'oa fedha za unga, na wiki inayofuata tanuru ni baridi. Biashara ndogo haiuawi na gharama peke yake. Huuawa na gharama iliyokuja bila kutangulia kubisha hodi. Na zile dola 60 za ziada za mwaka mwema hazikupotea: zimemtibu mtoto wa mfanyakazi wa jirani. Mtume Paulo anapowaambia Wagalatia wabebeane mizigo, hakuweka sharti kwamba mizigo iwe sawa kila mwaka.

Wapo watakaouliza: kwa nini mfanyakazi asichangie nusu? Jibu letu ni kwamba sheria imemwekea mwajiri wajibu huo, na mishahara ya mji wetu ni midogo. Kuukata tena mshahara huo ni kurudia ile avansi kwa jina jipya. Anayeshindwa kulipa mchango wote kwa mara moja na aiombe mituweli alipe kwa awamu, kabla ya kuugusa mshahara wa mtu. Wengine watauliza: nikimlipia mwaka mzima, naye akaacha kazi mwezi wa tatu? Hilo hutokea. Lakini tumeona mara nyingi zaidi mfanyakazi akibaki mahali anapojua kwamba mtoto wake atatibiwa, hata jirani akimwahidi mshahara mkubwa kidogo. Kumfundisha mpya kila baada ya miezi michache nako ni gharama, ingawa hakuna anayeiandika.

Tutoe pia tahadhari. Mituweli hailipi kila kitu. Kila mmoja asome ni magonjwa gani yamo na yapi hayamo, kabla ya kuweka sahihi. Mituweli yenye watu wachache ni dhaifu, kwa sababu wagonjwa wawili wakubwa wanaweza kuumaliza mfuko. Mituweli inayochelewa kulipa hospitali huwaletea wanachama wake aibu dirishani, nao hupoteza imani. Hesabu zisomwe mbele ya watu wote, mara kwa mara, kama zinavyosomwa hesabu za ujenzi wa kanisa. Na kwa kuwa serikali imetangaza huduma za bure za uzazi, mpango ulioanza Kinshasa mwezi Septemba 2023, tuulize vituo vyetu ni huduma zipi zimetufikia kweli, tusilipe mara mbili wala tusitegemee kisichofika.

Hapa ndipo chama chetu kina nafasi yake. Mwenye mgahawa mwenye wasichana watatu hawezi kujadiliana bei na hospitali. Hawezi kuwa kundi peke yake. Lakini parokia moja ina wenye migahawa, maseremala, wenye mitumbwi, wenye maduka na wenye shule. Tukiwaleta pamoja wafanyakazi wao na familia zao, tunapata watu mia kadhaa, na watu mia kadhaa husikilizwa. Mashirika yetu ya msingi tayari yanajua kuchanga: tunachanga kwa msiba, tunachanga kwa ndoa, tuna muso zetu za kuweka na kukopa. Tunachanga kwa jeneza upesi kuliko kwa dawa. Ingetupasa kuupindua mpango huo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja la kutendwa kabla ya tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kila mwanachama aliye na mtu anayemfanyia kazi, hata akiwa mtumishi mmoja wa nyumbani, na aandike karatasi yenye mambo matatu: majina ya wanaomfanyia kazi, idadi ya watu katika nyumba zao, na fedha alizotoa kwa matibabu yao mwaka uliopita, bila kuhesabu alizozirudisha kwa kukata mshahara. Karatasi hizo zikusanywe na viongozi wa chama, nazo zitunzwe kwa siri. Zikijumlishwa, tutajua tuko wangapi, na tutaweza kuzungumza na mituweli na vituo vya afya tukiwa na hesabu mkononi.

Shule na ofisi zetu za kikanisa zisibaki nje ya zoezi hili. Mlinzi wa usiku, mpishi, mfagiaji wa uwanja wa shule, nao wana homa na watoto. Hatuwezi kumfundisha mwenye duka haki tusiyoitenda uani kwetu.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya thelathini na nane, kinatufundisha kuomba tunapougua, na pia kumpa mganga nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Tumezoea kumwombea mfanyakazi mgonjwa jioni katika shirika. Tuendelee kumwombea, na asubuhi yake tuhakikishe kwamba amefika kwa mganga na kwamba hakuna anayemdai.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.